Mipira ya mbao ya kufundishia kemia, fundi wa kukereza Mwanjelwa: nimeitumia miezi mitatu

Walimu wa kemia wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa hii inawahusu, na mzazi mwenye mtoto PCB au PCM (michepuo ya sayansi yenye kemia) nawe usipite. Hapa Mwanjelwa, upande wa karakana za SIDO, kuna mzee anakereza mbao, kazi yake ya kila siku ni miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, na mwezi wa kwanza mwaka huu nlimpelekea kazi ambayo hajawahi kuifanya, mipira 140 ya mbao yenye matundu ya kuchomekea vijiti, yani modeli za atomu. Ameifanya. Imekaa darasani kwangu miezi mitatu sasa, imeshikwa na wanafunzi zaidi ya 80, imeanguka sakafuni mara sijui ngapi, na naisifia kwa moyo wote, ila kuna mambo lazima niyaseme ili ukienda usipate hasara niliyoipata mimi.

Kwa nini mbao. Mwaka juzi nlinunua seti ya plastiki kwenye duka moja Dar, 70,000, ikaja na basi, kiboksi kizuri kweli ila ndani vitu vyenyewe vidogo kama punje za mahindi, mwanafunzi wa dawati la nyuma haoni chochote, vile vishikizo vikaanza kukatikia ndani ya matundu hata muhula haujaisha, na atomu ya matundu sita haikuwepo hata moja. Sasa mimi nafundisha inoganiki, nafundisha metali za mpito kama kobalti, ambazo nyingi zinashika wenzake sita, bila atomu ya matundu sita namfundisha mtoto nini? Namchorea ubaoni mistari sita na kumwambia "huu unakuja mbele, huu unaenda nyuma", anaitikia ndiyo madamu, na mtihani ukija anachora kitu kimelala flati kama chapati.

Afu Oktoba 2025 ikatangazwa Nobel ya kemia. Walipewa watatu, Susumu Kitagawa wa Kyoto, Richard Robson wa Melbourne na Omar Yaghi wa Berkeley, kwa miundo ya metali na molekuli yenye vyumba ndani, kwa kifupi MOF. Mimi kila mwaka huwa nasoma habari za hiyo tuzo ili nikawasimulie wanafunzi, ila safari hii nlivyofika kwa Robson nikasimama hapohapo, nikasoma tena.

Huyu mzee kazaliwa Uingereza mwaka 1937, kasoma Oxford mpaka udaktari, akapita Marekani kama mtafiti, Caltech halafu Stanford, na mwaka 1966 akapata kazi ya uhadhiri Chuo Kikuu cha Melbourne kule Australia, akakaa hapo hapo miaka yote. Mkemia wa inoganiki, mwalimu wa darasani. Mwaka 1974 akapewa kazi ya kuandaa modeli za mbao, mipira iwe atomu na vijiti viwe vifungo, wanafunzi wajengee molekuli. Matundu yalitakiwa kutobolewa na karakana ya chuo, kwaiyo ikabidi yeye aweke alama kwenye kila mpira, tundu lipite wapi, mana atomu haishikani na wenzake upande wowote inaotaka, kila moja ina pande zake. Mipira iliporudi akajaribu kujenga, na hapo ndo akaona jambo ambalo sisi walimu tunalishika mikononi kila mwaka hatulioni: molekuli inakuja umbo lake sahihi yenyewe, kwa sababu maelezo yote yalishawekwa kwenye matundu. Anayejenga hana anachoamua, tundu limeshaamua.

Akajiuliza, je tabia hii ya atomu nikiitumia kuunganisha molekuli nzima kwa molekuli nzima, badala ya atomu kwa atomu, nini kitatokea? Wazo hilo halikumpandisha cheo kesho yake. Alikuwa anafundisha, kila mwaka akizitoa zile modeli kabatini kwa ajili ya wanafunzi wapya wazo linarudi, na ilipita zaidi ya miaka kumi ndo akaingia maabara kulijaribu. Matokeo kayachapisha 1989. Kutoka 1974 mpaka 1989 ni miaka 15, na kutoka hapo mpaka Nobel mingine 36, amepewa ana miaka 88. Mimi nina miaka 11 kazini na kuna siku najiona nimechelewa kila kitu, nlisoma hiyo habari nikiwa stafrum na nikaikunja kwenye daftari la maandalio.

Na ndo nikaamua. Kama kazi ya profesa mzima ilianzia kwenye mpira wa mbao na fundi wa kutoboa, basi mbao tunazo. Sao Hill pale Mafinga ni msitu wa misonobari mpaka macho yanachoka, malori ya mbao yanapita Mbeya usiku na mchana, na mafundi wamejaa. Nikaenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba madamu. Kitanda au kabati?"

Nikamwambia nataka mipira. Akadhani ya watoto wa chekechea. Nikamtolea mchoro, nikamweleza nataka ya kipenyo cha milimita 40 na midogo ya milimita 25, ina matundu ya milimita 6, kina cha milimita 12. Akauchukua mchoro akauangalia muda mrefu sana, kijana wake akazima mashine akaja naye kuangalia, afu mzee akauliza swali moja tu: "Matundu yakae wapi?"

Mwenzenu mwili ulisisimka. Nlikuwa nimekaa na lile swali tangu Oktoba.

Sasa hapa nitakaa kidogo mana ndo penye kazi yenyewe, na mwalimu atakayeenda bila kujua hili atarudi na mipira ya kuchezea bao. Kaboni ya matundu manne, pembe kati ya tundu na tundu ni nyuzi 109.5. Fundi ukimwambia nyuzi 109.5 kwenye kitu cha duara utamchosha bure, kipimapembe hakikai juu ya mpira. Kinachokaa ni bikari. Chukua nusu kipenyo cha mpira, zidisha kwa 1.633, hiyo ndo hatua ya bikari. Mpira wa milimita 40 nusu kipenyo chake ni 20, kwaiyo bikari inafunguliwa milimita 32.7. Unaweka nukta ya kwanza popote, unasimamisha bikari hapo unazungusha duara juu ya mpira, afu kwenye lile duara unaweka nukta ya pili popote, kutoka hapo unakata ya tatu kwa hatua ileile, na ya nne. Nukta nne, kila moja iko mbali sawa na zote tatu. Kwa metali ya matundu sita unazidisha kwa 1.414, inakuja milimita 28.3, nukta ya juu, nukta nne kiunoni zilizoachana hatua ileile, na ya chini. Boroni ya matundu matatu yaliyolala unazidisha kwa 1.732, inakuja 34.6, zote kwenye mstari mmoja wa kiunoni.

Mzee alinisikiliza, akachukua bikari yake ya chuma ya seremala, akaifungua kwa rula, akapiga zile nukta nne, akaugeuza mpira huku na huku, akasema "Ndaga fijo madamu", yani asante sana kwa Kinyakyusa, na akamwita jirani yake wa milango aje aone. Kasoma mpaka darasa la saba yule mzee. Nilichomweleza kwa dakika kumi kuna wanafunzi nimewafundisha mwezi mzima hawajakiona vile alivyokiona yeye, na sisemi hivyo kuwadharau wanafunzi wangu, nasema kwa sababu yeye alikuwa na mpira mkononi na wao walikuwa na ubao.

Awamu ya kwanza haikuwa nzuri, nitasema ukweli. Nlitaka bei ya chini nikachagua msonobari, akanikerezea 20 kwa 800 kila mmoja. Msonobari ni laini, tundu likiingia kufuata nyuzi za mbao linalegea baada ya wiki, likiingia kukata nyuzi mpira unapasuka ukisukuma kijiti kwa nguvu, na palipo na kifundo drili inakwepa. Saba zilipasuka. Hilo kosa langu kwa asilimia kubwa, mzee alinitahadharisha. Ila kosa la pili la karakana: mzee alisafiri kwenda Tukuyu kwenye msiba, kijana wake akatoboa kwa drili ya mkononi, kwa macho. Nukta zilikuwa sahihi kabisa ila drili haikuelekea katikati ya mpira, imeingia mshazari. Ukijenga methani haidrojeni moja inainama kama inataka kuanguka, na ukiunganisha kaboni sita ziwe pete, pete haifungi, ya mwisho inapishana na ya kwanza kwa vidole viwili. Nikarudisha yote. Hawakubishana nami, hawakunidai, mzee aliporudi akaiangalia ile pete isiyofunga akasema "hii imenisema".

Akaenda kutengeneza kikalio. Kipande cha ubao mnene kina shimo la duara ambalo mpira unakaa nusu, kimefungwa chini ya drili ya kusimama, na ncha ya drili inashuka katikati ya lile shimo kabisa. Unaweka mpira, unaleta nukta juu, unashusha. Popote unapougeuza drili inaelekea kwenye kitovu. Nusu saa kakifanya, kwa mabaki, na tangu hapo sijapata tundu la mshazari hata moja. Kwaiyo mwalimu ukienda, uliza "kikalio kipo?" kabla hujatoa advansi.

Awamu ya pili tukaenda na mninga, mabaki ya mafundi wa milango, ile inayotoka miombo ya huko Chunya. Mninga ni mzito, unakereza vizuri, tundu linabaki na ukali wake, na ukiupiga msasa unang'aa hata bila vanishi, kuna mipira nlisikitika kuipaka rangi. Bei ilipanda, 1,500 kwa mpira mkubwa ukiwa umetobolewa tayari na 500 kwa mdogo wa haidrojeni. Mimi nlichukua mikubwa 80 (kaboni 40, oksijeni 15, naitrojeni 10, klorini 5 na metali 10) na midogo 60, jumla 150,000, vijiti 200 vya mianzi 15,000, rangi nikanunua mwenyewe za kama 20,000. Kwa hiyo 185,000 kwa seti ambayo darasa zima linajenga kwa wakati mmoja. Linganisha na 70,000 ya kiboksi cha punje za mahindi.

Vijiti navyo vina habari yake. Vya kwanza vilikuwa vya msonobari, mvua za mwezi wa pili zilivyokolea vikavimba, vikagoma kutoka, wanafunzi wakawa wanavuta wawili wawili kama kamba. Mzee ndo alisema tujaribu mianzi, ile ya Iringa, akaichana akaizungusha na msasa, na haijanisumbua tena. Kwa vifungo viwili, kama kwenye ethini, mwanzi haukunjiki, nikaomba kwa fundi umeme vipande vya waya mnene wa kopa wenye ganda lake, vinakunjika na kubaki na umbo, na vinaingia kwa kubana kidogo tu.

Rangi paka mwenyewe, mzee hana nafasi. Kaboni nyeusi, haidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, naitrojeni bluu, klorini kijani, salfa njano. Huo mpangilio ni wa zamani sana, mwaka 1865 mkemia Hofmann alisimama London akafundisha kwa mipira ya mchezo wa kroke iliyopakwa nyeusi na nyeupe na nyekundu namna hiyohiyo, ila modeli zake zilikuwa zimelala flati, mana habari ya kaboni yenye pande nne ilikuja 1874 na mkemia mwingine, van 't Hoff. 1874, halafu Robson na mipira yake 1974, miaka mia kamili, huwa naiandika ubaoni tarehe hizo mbili moja juu ya nyingine. Tukirudi kwenye rangi: chomeka kijiti kwenye kila mpira kabla ya kupaka la sivyo rangi inajaza matundu, na vile vijiti vichomeke kwenye kipande cha mgomba visimame vikauke. Baridi ya Mbeya rangi ya mafuta inachukua siku tatu, usiharakishe, nliyoharakisha mimi imebeba maandishi ya gazeti mpaka leo.

Darasani sasa. Wiki ya kwanza nlitoa ile ya kobalti na amonia, ambayo ni kazi ya Alfred Werner wa Zürich. Werner alikuja na nadharia yake 1893 akiwa na miaka 26 tu, kwamba kobalti katikati inashika wenzake sita kwa pande sita, na alipewa Nobel 1913, mkemia wa kwanza kuipata kwa kazi ya inoganiki ya namna hiyo. Nikawapa makundi mawili kobalti yenye matundu sita, amonia nne na klorini mbili kila kundi, nikawaambia jengeni. Sikusema zaidi. Wakamaliza, nikasema inueni juu. Kundi moja klorini zao za kijani zimekaa jirani, kundi jingine moja iko juu na moja chini. Darasa likaanza kubishana nani kakosea, na nikawaacha wabishane dakika nzima, afu nikawaambia hakuna aliyekosea, hizo ni chumvi mbili tofauti, ile ya klorini zinazotazamana ni ya kijani na ile ya jirani ni ya zambarau, na ile ya zambarau Werner aliisubiri kutoka kwenye hesabu zake mpaka 1907 ndo akaipata kwa mkono. Binti mmoja wa mbele, ambaye tangu kidato cha tano hajawahi kunyoosha mkono kwangu, akauliza: "Madamu, na tatu kwa tatu je?" Alikuwa anaizungusha ile modeli. Amonia tatu na klorini tatu, zinaweza kukaa namna ngapi. Kajibu mwenyewe, mbili, na alikuwa sahihi. Nimeifundisha hiyo mada miaka mingi, ile ndo mara ya kwanza swali lilitoka kwa mwanafunzi kabla halijatoka kwangu.

Wiki nyingine tukajenga almasi. Kaboni zote nyeusi, kila moja imeshika wenzake wanne, tukianzia mezani na kupanda juu. Hapo ndo utajua kama fundi wako katoboa vizuri, mana almasi haisamehi, mpira mmoja wenye tundu la mshazari na jengo zima linapinda. Letu lilisimama. Nikawaonyesha vyumba vilivyo ndani, nikawaambia hii ndo almasi hata ile ya Mwadui, na sasa tazameni alichofanya Robson. Tukavunja, tukachomoa vile vijiti vifupi tukaweka virefu vya sentimita 20. Vyumba vikawa vikubwa, mkono unapita. Yeye alitumia ayoni za kopa zinazoshika kwa pande nne, na molekuli yenye mikono minne mirefu, kila mkono mwishoni una naitrojeni inayopenda kopa. Wengi wangetegemea zile vitu vikichanganywa vipatikane fujo tu, ila vilijipanga vyenyewe, mpangilio wa almasi, wenye matundu makubwa ndani.

La kwetu la vijiti virefu lilisimama kama dakika mbili afu likaanza kulala upande. Wanafunzi walihuzunika, mimi nikafurahi mana ndo ilikuwa habari yenyewe. Miundo ya Robson nayo ilikuwa dhaifu, ilikuwa inasambaratika, na wakemia wengi waliona haina kazi yoyote. Kazi ya kuisimamisha ikaja kwa hao wenzake wawili. Kitagawa mwaka 1997 akapata miundo yenye njia ndani zinazoweza kujaa gesi na kutoa gesi bila jengo kuharibika. Yaghi 1999 akatoa ile inayoitwa MOF-5, ukiitoa kila kitu ndani ibaki tupu unaweza kuipasha mpaka nyuzi joto 300 isianguke, na gramu mbili hivi zina eneo la ndani kama uwanja wa mpira. Nikawaambia wafikirie kijiko cha unga ambacho ukikikunjua kinafunika uwanja wa Sokoine. Leo kuna miundo ya aina hiyo inayovuta maji kutoka kwenye hewa ya jangwani usiku.

Na Yaghi mwenyewe, hili nlilisema polepole darasani, kazaliwa Amman, Jordan, 1965, familia ya wakimbizi Wapalestina, chumba kimoja hawana umeme wala maji na ng'ombe wako humohumo. Akiwa na miaka kumi aliingia kwa kujificha kwenye maktaba ya shule, ambayo kwa kawaida ilikuwa inafungwa kwa ufunguo, akachukua kitabu chochote, akakuta michoro asiyoielewa, ndo molekuli. Akiwa na miaka 15 baba yake akamtuma Marekani kusoma. Nina wanafunzi wanaotoka Ileje na Makete waliosomea kibatari mpaka kidato cha nne, sikuhitaji kuongeza neno.

Nilisoma ualimu Mkwawa pale Iringa, na maprofesa walionifundisha inoganiki nawaheshimu mpaka leo, ila kwa miaka mingi nlikuwa naamini kazi ya uprofesa ni upande mmoja na kufundisha ni upande mwingine, kwamba mtu anafundisha kwa sababu hajapata muda wa utafiti. Sasa huyu Robson wazo lake halikutoka licha ya kufundisha, lilitoka ndani ya kuandaa somo, kwenye kazi ndogo ya kuweka alama za penseli kwenye mipira ya wanafunzi. Hili nimeliweka kwenye tathmini ya fundi makusudi, mana mwalimu mwenzangu unaweza ukasema kutoboa mipira ni kazi ya watoto. Kaa na fundi siku moja uweke alama mwenyewe. Usimtumie mchoro kwa simu.

Mambo mengine ya kujua ukienda. Umeme ukikatika mashine ya kukereza imesimama, kwaiyo akikwambia wiki mbili weka tatu, mimi ilifika tano ukihesabu na ule msiba na marudio. Risiti hana ya mashine, anaandika kwenye daftari lake, kwa shule zinazotaka risiti rasmi hilo ni tatizo kweli na bado hatujalitatua, mimi nlilipa mfukoni. Mipira haitoki sawa kwa asilimia mia, kuna yenye milimita 39 na yenye 41, pima kila mmoja kabla ya kupiga bikari, mana hatua ya bikari inafuata kipenyo cha mpira wenyewe. Eneo ni la vumbi la mbao, kama una pumu vaa barakoa. Heshima yao ni kubwa, mzee na vijana wake, hakuna aliyeniona nimepotea njia kwa sababu ni mwanamke kwenye karakana, na nliporudi mara ya tatu walishaniwekea kigoda.

Ubora wa kazi baada ya kikalio nampa nyota tano, muda nampa tatu, bei tano.

Nimeshaweka oda nyingine ya mipira 12 ya matundu manne yaliyolala kiunoni, hatua 28.3 kwa mpira wa 40, kwa ajili ya platinamu, nataka wajenge ile dawa ya saratani ambayo Rosenberg wa Michigan alianza kuiona 1965 akiwa anachunguza bakteria na umeme, na Marekani wakaipitisha 1978. Amonia mbili na klorini mbili. Klorini zikikaa jirani ni dawa, zikitazamana haifanyi kazi. Nlimweleza mzee hilo wakati anaandika oda, akaacha kuandika, akachukua mpira mtupu akaweka vidole viwili jirani, afu akaviweka vikitazamana, akaniuliza: "Vitu vilevile?" Nikamwambia vilevile mzee. Akasema nije Jumamosi kabla ya saa sita, na nije na bikari yangu pia tuwe wawili.